Macho Mapya ya Mbawala ya Barnabé

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 2, mwezi wa saba, 1962

Andika, Élise. Andika vile ninasema, usitengeneze. Minye sikusomaka, lakini mudomo yangu inasoma yote. Weye mutoto yangu, kaa hapo, weka kitabu juu ya tumbo yako sawa meza, andika. Na usimuonyeshe bwana yako, juu Michel ni mutoto ya adui.

Hapana. Futa "adui". Andika "mukwe". Mama Henriette ni mama ya bwana yako, kwa hiyo ninamuheshimu. Nikimukuta mu njia ninapiga magoti kidogo, ye pia anapiga. Siye bote tunapiga magoti, na siye bote tunasaga meno.

Neno ni jina. Utazala mwezi hii. Minye ninasema mutoto ataitwa Barnabé, juu ya marehemu baba yako. Barnabé alikufa bila mujukuu, na jina yake inakaa bure, hakuna muntu anaiita tena. Mukwe anasema Philippe, juu ya bwana yake. Lakini Philippe yake iko muzima! Anakaa mu kiti, anakula karanga! Muntu iko na jina bado, unamutafutia mwingine ya nini?

Leo tulipishana maneno ku soko ya Kikula. Kwa heshima. Alisema, mukwe, marehemu hakuacha kitu. Nikasema, mukwe, aliacha kichwa ya mbawala mu ukuta. Alipiga nyama mwenyewe ng'ambo ya Kamatanda, akachuna, akajaza, akashona. Akacheka! Ye iko na kichwa ya tandala, kubwa, mapembe ya kujisokota, aliachiwa na madamu mumoja ya kizungu aliyepanda ndege mbiombio. Bazungu mingi banaondoka, na sasa kila nyumba ya Kikula iko na nyama mu ukuta. Hata kwa muuza chumvi kuko nyati.

Basi kwa feti ya tarehe 11, sikukuu ya hii Katanga yetu mupya, bakubwa ya komine batafanya konkuru, mashindano: kichwa gani inapita zote kwa uzuri. Tukakatana neno mbele ya bantu. Mwenye kichwa yake itashinda, ye njo atatoa jina. Bantu balipiga mikono. Siwezi kurudi nyuma.

Nilifika nyumba, nikaangalia ukuta. Yaa! Mbawala haina macho. Panya ilikula.

Siku ya tatu, tarehe 4

Nalienda kusalimia mukwe, na kikapu ya mihogo ku kichwa. Mihogo ilikuwa bongo, ya kudanganya tu. Nilitaka kuona tandala.

Barnabé alisemaka kichwa mubaya inatoka manyoya ukiivuta. Mukwe akaenda kutengeneza chai, nikapanda kiti, nikavuta. Hakuna. Nikavuta kwa nguvu. Manyoya haikutoka. Musumari njo ilitoka.

Mukwe alirudi na chai akanikuta chini, tandala juu yangu, pembe moja huku, pembe moja kule, miguu yangu inje. Akasema pole pole, mukwe, kama munaipenda, mungesema, Michel angewatelemushia. Nikasema kiti yake iko na mguu mubaya. Akanipa chai. Nikanywa nikiwa bado chini.

Tandala haikuvunjika fasi hata moja. Mugongo yangu, ndiyo.

Élise, usicheke, mutoto atatoka mbele ya saa. Na tumbo gani hii? Inapiga teke kushoto na kuume kwa mara moja. Huyu ni Barnabé kabisa. Barnabé hakujuaka kutulia.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 7

Nimesikia ni nani juri, mwenye kuamua konkuru! Papa Augustin, ule muzee wa nyuma ya kanisa. Alichunaka nyama kwa bwana mumoja aliyetuma bichwa ku Ulaya. Nikamupelekea lutuku, pombe ya kwangu, ile nguvu. Kusalimia tu.

Alikunywa, akafungua mudomo. Asema ye anaanza na jicho: kama inaangalia, ao iko wazi tu sawa jicho ya samaki ku soko. Halafu sikio: iwe nyembamba, jua ipite. Pua ionekane na maji kidogo. Mushono ijifiche nyuma ya shingo. Na isinuke kitu. Asema kichwa muzuri ni ile unaogopa kukohoa mbele yake, isikimbie.

Nilimuuliza, Papa, na mbawala ya marehemu unaionaje? Akasema lutuku hii iko muzuri. Nikauliza tena. Akasema ya Mama Henriette pia ilikuwa muzuri.

Yo! Huyu mwanamuke alinitangulia! Nikaangalia pembeni ya kitanda ya muzee. Chupa yake inasimama pale, tupu, na kitambaa yake ya maua bado ku shingo ya chupa.

Siku ya yenga, ya misa, tarehe 8

Macho. Nilijaribu shanga: mbawala ikaonekana mugonjwa. Nilijaribu mbegu ya embe: ikaonekana mulevi.

Leza, Mungu wangu, haniachake. Théodore, mutoto ya mudogo wangu, njo jandarme, askari, analala kwangu. Leo alifua koti yake ya kazi juu ya defile, gwaride ya feti, akaianika ku kamba. Bifungo ya shaba! Inang'aa sawa jua! Na mingi hivi, ya nini kwa muntu mumoja? Nikatoa mbili, zile hazina kazi sana, moja ya shingo, moja ya tumbo.

Nikashona. Nikashuka ku kiti, nikageuka.

Mbawala iliniangalia. Nikakohoa. Haikukimbia. Kidogo minye nikimbie.

Siku ya pili ya juma, tarehe 10

Sikio ya kushoto ilikauka zamani, inafanana jani ya tumbako. Nikatengeneza ingine na bukari, ugali ile inabaki chini ya chungu, nguvu, nikapaka makala. Nikaweka inje ikauke. Kuku wa jirani akaikula. Nikatengeneza ya pili, munene zaidi.

Ku pua, mafuta ya ngazi, ya mawese, juu ionekane na maji. Nyuma, ku mushono, kitambaa yangu ya kichwa, ya buluu. Mbawala inafanana mama anaenda misa.

Théodore anatafuta bifungo nyumba muzima. Chini ya kitanda, mu chungu, mu viatu. Aliniuliza, mama mukubwa, haukuviona? Nikasema panya. Panya ya hii nyumba inakulaka macho, itashindwa bifungo? Akakubali, masikini. Amefunga koti na pini. Nikamuonea huruma. Kidogo.

Siku ya tatu, tarehe 11

Élise, leo andika pole pole, juu ni neno ya haya.

Bichwa yote ilipangwa ku meza, pembeni ya soko. Fanfare inapiga matarumbeta, jua inawaka. Nzi njo alifika wa kwanza. Halafu mafuta ya ngazi ikaanza kutelemuka ku pua, na muntu mumoja nyuma yangu akasema, ninyi, mbawala iko na mafua!

Papa Augustin akafika, amevaa miwani. Kwa tandala ya mukwe akainama, akaangalia chini ya taya, akavuta manyoya, akanusa. Akakohoa. Akatikisa kichwa sawa muntu anakubali. Mukwe akaangalia viatu vyake kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ya bongo!

Akafika kwangu. Akanusa, akauliza nani anapika. Akaangalia jicho. Akapangusa miwani, akaangalia tena. Akaniuliza kama huyu mbawala alikuwaka mu jeshi.

Saa ile ile majandarme banapita. Sejenti anaona pini ya Théodore, anamusimamisha mbele ya bote, anapiga kelele: bifungo yako iko wapi, weye? Théodore anageuza uso kwa haya. Anamuona mbawala. Mbawala anamuona. Akalia kwa sauti, mama mukubwa! Njo ile inaniangalia!

Sejenti aling'oa macho mwenyewe, na kisu. Mulevi mumoja akapigia mbawala saluti. Na imbwa, sijui ya nani, ikachukua sikio ya bukari, ikaenda nayo kwa furaha.

Mukwe akashinda. Akakuya, akapiga magoti kidogo, akasema, mukwe, Philippe anawasalimia. Nikapiga magoti minye pia. Bantu balikuwa banaangalia.

Nilirudisha kichwa mu ukuta. Sikuiangalia. Ye pia hakuniangalia.

Siku ya yenga, tarehe 15

Ninasemea hapa ku materinite, nyumba ya kuzalia, pembeni ya kitanda. Élise anaandika na mukono moja. Sikiliza namna ilikuwa!

Siku ya tano, tarehe 13, mukwe na minye tulikaa ku banki moja ya mbao, inje ya mulango. Heshima mingi. Ye alikuwa na kofia ndogo ya sufu, alishona P juu. P! Masere, mutawa mwenye kuzalisha, akatoka, akasema mutoto mwanaume. Mukwe akasimama, akaita kwa sauti, Philippe! Mpaka bagonjwa balijibu.

Masere akainua mukono. Asema, mama, ngoja, kuko mwingine nyuma. Mwanamuke.

Mapasa!

Mapasa haipewake jina na muntu. Banakuyaka nayo. Wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabwe, tangu bankambo ya bankambo yetu. Hakuna Philippe. Hakuna Barnabé pia, ndiyo, lakini hakuna Philippe! Mukwe akakaa sawa muzigo ya makala, na kofia yake mu mukono.

Na haiko mwisho. Mapasa ikizaliwa, bankambo babili banapashwa kuimbiana matusi. Njo desturi. Mukiweka heshima, batoto banagonjwa. Sasa nani anataka batoto bagonjwe? Tukapaka bunga mu uso, tukatoka mu njia tunacheza. Nilimuimbia matako yake iko kavu kupita tandala. Akaniimbia kwamba minye ninalalaka chini ya nyama ya bantu bengine. Nilimuimbia juu ya Philippe na karanga zake, na kitu ingine ya Philippe, Élise anasema hapa haandike. Magoti yote niliyopiga, nililipwa siku moja!

Na ye anajua kutukana, yule mama. Sauti muzuri. Tulicheka mpaka tukashikana.

Siku ya yenga, tarehe 22

Padri anasema Kyungu haiko jina ya mutakatifu. Ku ubatizo kila mutoto anapashwa kuwa na jina ya kikristo. Kwa Kabwe tulisikilizana, ataitwa Claire. Kwa Kyungu, basi, Barnabé ao Philippe. Mukwe alikuya jana na supu, na magoti, na kofia yake ya P.

Nikamwambia mbele ya bantu, mukwe, siye ni bamama bakubwa, tusigombane. Kila mumoja ashone kanzu ya ubatizo. Papa Augustin ataangalia mushono, ye anajua mushono. Kanzu muzuri, njo itatoa jina. Akakubali. Bantu bakapiga mikono.

Kitambaa ninayo, nyeupe. Uzi ninayo. Mbele iko wazi, haina kitu.

Théodore alimaliza azabu yake ya kukata majani, banamupa koti mupya. Aliifua leo. Naiona ku kamba, inapigwa na jua, inang'aa toka shingo mpaka tumbo.

Élise, acha kuandika. Leta makasi.