Sauti ya Jumapili

Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, gari la kisasa kuliko yote mtaani liliondoka nyumbani. Saa moja na dakika ishirini na saba lilikuwa limekwisha kupotea, ingawa mtu aliyesimama kwenye dirisha la jikoni angeweza bado kuliona.

Dereva alikuwa mjomba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe na kulisambaza kwa bidii. Kando yake aliketi mpwa wake, fundi wa kuchomelea, kinyago cha kazi kikiwa mapajani. Alikuwa ameandika barua kumi na tisa za kuomba kazi. Iliyojibiwa ilikuwa moja: jaribio la kuchomelea, karakanani, saa mbili kamili. Lango likishafungwa, mwombaji arudi kwao.

"Gari lisilo na kompyuta ni toroli lenye honi!" alitangaza Mjomba.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ile yake ya zamani ya mpakato. Aliikaza juu ya sinia la mbao, sinia akalikaza kwenye dashibodi kwa skrubu nne, nayo ikaziba nusu ya kioo cha mbele. Ramani haikuwa nayo. Mjomba hakuona upungufu hapo. Jumapili alfajiri, barabara zikiwa tupu, aliendesha polepole hadi karakanani huku akijirekodi akitoa maelekezo. Safari ilichukua dakika kumi na mbili. Jumatatu kazi ilikuwa kubonyeza tu.

"Nyoosha, dereva hodari," ilisema sauti ya Mjomba kutoka kwenye kompyuta.

"Umesikia inavyoniheshimu?" aliuliza Mjomba.

Mpwa alisikia. Aliona pia kwamba magari yalikuwa yamebanana kama meno ya kitana.

"Pita mzunguko. Usiogope."

Mzunguko ulikuwa mbali huko mbele. Mjomba alikanyaga breki kwa huzuni.

"Mjomba, hiyo ni Jumapili inayozungumza. Isimamishe kidogo."

"Kompyuta ya gari haiguswi gari likitembea, binti. Ni hatari!"

"Gari halitembei, Mjomba."

"Ndiyo maana wewe ni fundi, mimi Mtaalamu."

"Lakini njia si unaijua?"

"Kujua njia ni mambo ya kizamani."

Dakika ya saba ilipotimia, sauti ilipaa: "Kata kulia! Sasa hivi! Usibishane na mwenye akili!"

Mjomba hakuwahi kubishana na mwenye akili huyo maishani mwake. Alikata kulia.

Kulia hapakuwa na barabara. Palikuwa na mahali pa kuoshea magari, na vijana wanne wachapakazi ambao hawakungoja salamu. Povu likafunika vioo. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikichemka, Mjomba alikuwa ameacha madirisha wazi, na mpira wa maji ukaingia kwa adabu zote.

"Acheni! Humu mna mitambo!"

"Usijali, mzee," alijibu mmoja wao. "Ndani tunaosha pia!"

Mpwa alivaa kinyago chake. Kilimkinga dhidi ya maji, na kwa sehemu fulani, aibu.

Saa moja na dakika thelathini na mbili, katikati ya povu, kompyuta ilitoa neno lake la mwisho: "Tumefika salama. Hongera, dereva bora." Kisha ikazimika.

"Umeona?" alisema Mjomba, maji yakimchuruzika kidevuni. "Imefika kwa wakati."

"Imefika, Mjomba. Sasa tumebaki sisi."

Alifungua mlango, akashuka, akatembea. Alitembea kama mtu aliyeambiwa kwamba dunia inafungwa: kando ya magari yaliyosimama, kilomita tatu, povu likimkaukia mabegani. Langoni alifika saa mbili kasoro dakika tatu. Mlinzi alimkagua kuanzia kinyago hadi viatu.

"Dada, umetokea bafuni?"

"Nimetokea kwa mjomba."

"Aa. Pita."

Msimamizi alimpa mabomba mawili ayaunganishe, kisha akayajaza maji na kuutazama mshono wake kwa nusu saa. Halikudondoka hata tone. Siku hiyohiyo alipewa ovaroli.

Mwaka mmoja baadaye, Mjomba alipata mnunuzi wa lile gari. Mnunuzi alikubali bei bila kupunguziwa, kwa sharti moja lililoandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili: muuzaji asimwelekeze njia ya kutokea.