Ramlo Anataka Isikike

Redio ya Naimo, muuza chai, ilikuwa imetangaza kwamba siku hizi kuna mitambo inayoiga sauti ya mtu, na kabla mtangazaji hajafika kwenye hali ya hewa, kijiwe cha chai nyuma ya soko la mifugo la Garissa kilikuwa kimekwisha kuwa bunge lisilo na spika.

"Kombyuta iongee na sauti yangu mimi?" Gelle alifoka, p yake ikigeuka b kama kawaida. "Uongo! Sauti ya mtu ni kama alama ya ngamia. Ukishachomwa, umechomwa."

Gelle alikuwa dalali wa ngamia. Waliomwita Gelle walikuwa wachache. Wengine wote walimwita Hina, kwa ajili ya ndevu zake ndefu nyekundu, ambazo alizipaka hina na kuzifukiza udi kuliko bi harusi.

"Adeer Hina, hii dunia imechange," akasema Shuaib, kijana fundi wa simu aliyeitwa Injinia kwa sababu alikuwa na bisibisi ndogo. "Wanakunasa kidogo tu, manze, kesho unaskia sauti yako ikiomba watu pesa."

"Yangu iombe nani? Watu wangu wote nishawaomba."

Kwenye benchi lile, aliyeifurahia habari ile ni mmoja tu, Bare Tangi, dereva wa lori la maji la Dadaab.

"Kwa hiyo," akauliza, akijifanya hana haraka, "siku hizi sauti ya mtu si ushahidi tena?"

"Inategemea ulisema nini, abowe," akajibu Naimo huku akimimina chai. "Sasa toa hiyo kitu umeficha chini ya benchi. Ramlo amenipigia."

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa Bare alikuwa aoe mke wa pili, mjane wa Balambala, binamu yake Gelle, na mshenga alikuwa Gelle mwenyewe. Ramlo, mkewe tangu ujana, alipopata habari hakulia wala hakuvunja kikombe. Alifungua sanduku, akatoa redio kaseti ya mkononi iliyokufa zamani, kaseti ikiwa bado tumboni, akasema: "Katengeneze. Baada ya Asri wazee wanakuja hapa. Nataka isikike." Na kwa kuwa alimjua mumewe, akampigia simu Naimo, binti wa mama yake mdogo, asimamie matengenezo.

Bare alijua kilichomo. Zamani zile hakukuwa na simu. Mtu akiwa mbali alituma barua kwa kaseti, maana sauti hubeba yale ambayo kalamu huyaangusha njiani. Naye, kijana wa lori, akiwa amekwama Kutulo, alijirekodi akimposa Ramlo, na katika utamu wa ujana akaapa kiapo kirefu kuliko akili yake. Kiapo hicho sasa kilikuwa hapo, kimefungwa ndani ya plastiki, na Bare aliomba kibaki bubu.

"Ni nyimbo za harusi yenu?" Gelle aliuliza, akiipokea redio kwa furaha.

"Za zamani. Hazina maana."

"Aa, tengeneza, Injinia! Ijumaa tutazibiga!"

Shuaib akafungua mlango wa betri. Humo mlikuwa na kutu nyeupe mithili ya chumvi.

"Inna lillahi," Bare akawahi. "Imekufa. Tuizike."

"Maiti hazikwi kabla ya kuoshwa," akasema Naimo, akakata ndimu ya chai na kumpa Shuaib. Kijana akasugua vyuma kwa ndimu, akavikausha kwa pindo la shati, kisha Naimo akashusha saa ya ukutani na kung'oa betri zake. Redio ikanguruma ndani kwa ndani, lakini kaseti haikuzunguka.

"Mota iko sawa," akasema Shuaib, jicho limezama ndani ya redio. "Shida ni mkanda, huu mpira unaozungusha. Cheki, joto limeuyeyusha, umekuwa halwa."

"Na mkanda wa hii haupatikani tena duniani," akasema Bare, moyo ukimtulia. "Labda Japani. Tumejaribu, jamani. Naimo, mwambie dada yako tumejaribu."

"Warya, Tangi, wewe unataka ibone au unataka matanga?" Gelle akamshangaa. Akaingiza mkono kifuani, akatoa bunda la noti za mauzo ya asubuhi, akalivua mpira. "Shika, Injinia. Bole bole."

Bare aliutazama ule mpira. Angeweza kuutafuna.

"Kwanza tupakeni samli kidogo," akasema. "Vyuma vya zamani vinapenda samli."

"Kichwa cha redio si chapati ya anjera, abowe," Naimo akamkata. "Ukileta samli hapa nampigia mwenyewe sasa hivi."

Shuaib akafuta kichwa kwa pamba na spiriti, akavisha mpira, akabonyeza. Ikatoka sauti nzito, ya kujivuta, ikitaja Kutulo kama ngamia anayelalamika kupakiwa mzigo.

"Si mimi huyo!" Bare akaruka. "Mmesikia redio asubuhi. Ni kompyuta!"

"Kombyuta gani iko Kutulo miaka hiyo? Kutulo hata taa hakuna!" Gelle alicheka. "Si nimesema? Sauti ni alama ya ngamia. Mbira ndio umebana sana. Chukua huu mwingine, umelegea."

Mpira wa pili ukakaa. Shuaib akarudisha utepe nyuma kwa penseli, akabonyeza tena.

"Ramlo," ikasema sauti ya kijana, kwa Kisomali chepesi kisicho na kikohozi, "maziwa ya huku Kutulo hayana ladha, kwa sababu hukuyakamua wewe. Nikirudi, nipe mkono wako. Nami naapa kwa Mola, mvua inyeshe isinyeshe, sitakuletea mke mwenza maisha yangu yote. Nyumba yetu itakuwa na mlango mmoja."

Bare alitazama chini. Alikuwa amejiandaa kukana, kucheka, kukohoa juu ya sauti ile, lakini hakuweza. Alimwonea wivu kijana yule. Kisha ikamshika aibu, aibu ya kweli, kwamba Ramlo aliyatunza maneno haya sandukuni miaka yote na yeye aliyeyasema alikuwa ameyaombea kutu.

Gelle, kwa upande wake, alikuwa amelala kwenye benchi kwa kicheko. "Maziwa hayana ladha! Wallahi, Tangi, kumbe wewe mshairi! Usijali, ndugu yangu. Maneno ya ujana hayahesabiwi. Wazee watauliza tu, shahidi ni nani? Nani mdhamini? Hakuna! Ijumaa unaoa!"

Redio ilikuwa haijamaliza.

"Na mimi Gelle, taniboi wake wa lori," ikasema sauti ya pili, nyembamba, ya mtu aliyetafuna miraa mpaka ulimi ukakosa breki, "mimi ndio shahidi na mdhamini. Ndevu bado sina, lakini nitakazoota, inshallah, ndizo rehani. Bare akioa wa pili, Ramlo azinyoe kwa mkono wake, Jumatano ya soko, ngamia wote wakitazama."

Tak. Kaseti ikaisha.

Gelle aliketi taratibu, ndevu kazishika kwa mikono miwili.

"Hiyo," akasema, "hiyo ni kombyuta."

"Kompyuta ya mwaka gani, abowe," Naimo akamuuliza, "iliyojua utaota ndevu?"

Akainua simu yake iliyokuwa imelala kando ya birika, laini ikiwa wazi, akaitega sikio. "Ramlo amesikia yote. Anauliza, Jumatano aje na wembe wake, au wewe unao?"

Bare hakungoja jibu. Alirudisha utepe mwanzo kwa penseli, taratibu, asiukate, akaifunga redio ndani ya kikoi na kuondoka. Alitembea upesi, Asri ilikuwa karibu, na sasa naye alitaka isikike.

Nyuma yake alimsikia Gelle akipiga simu Balambala, akipaza sauti kama anayeita ng'ambo ya Tana.

"Haloo! Harusi hakuna! Bwana harusi ni mgonjwa!"

Upande wa pili, bila shaka, waliuliza anaumwa nini.

"Ndevu!" akasema Gelle.