Panne kwa Utukufu wa Bwana

Jumatatu, 8 Julai 2024
Pasta Sebasaza ametangaza: Jumapili kundi moja tu la vijana litachaguliwa kwenda kongamano la Uvira. Moja! Basi ni sisi, Tarumbeta za Yeriko, bendi ya kwanza ya muziki mzito wa metalcore ya Kikristo hapa mjini Baraka na, nikitazama akili za watu wa hapa, ya mwisho. Gitaa la Dany linakereza kama msumeno. Élie anatwanga ngoma kwa miguu yote miwili. Mimi, Lionel, kiongozi, nanguruma Zaburi. Wapinzani: kwaya ya Chérie. Makofi na vitenge vya kufanana! Nawahurumia.

Jumatano, 10 Julai
Mazoezi. Nimenguruma Zaburi ya 150 nzima. Jirani, Mama Anastasie, akaingia na kikombe cha tangawizi ya moto. "Kunywa, mutoto yangu. Hiyo kifua iko mubaya." Nikamweleza kwamba zile ni sifa. Akasema hata hivyo ninywe. Nikanywa, kwa dharau.

Ijumaa, 12 Julai
Siri ya ushindi! Katikati ya wimbo metalcore husimama kidogo, kisha hushuka, nzito, taratibu, na vichwa hutikisika vyenyewe. Kwa Kiingereza wanaita breakdown. Nimefungua kamusi ya Kifaransa: panne. Nitaitangaza kwa sauti, watu wajue waguswe wakati gani. Dany akauliza kama panne si pikipiki kuharibika njiani. Dany hajasoma.

Jumapili, 14 Julai
Aibu! Kanisa limejaa. Dakika mbili za utukufu, watoto wameziba masikio. Nikapaza sauti: "Panne!" Papa Fabien, mwangalizi wa jenereta, mtu mwaminifu kupita kiasi, akaizima palepale na kuanza kuifungua. Gitaa kimya. Mikrofoni kimya. Nikaendelea kunguruma, nikasikika kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Ndipo kwaya ya Chérie ikasimama, ikaimba kwa sauti tupu. Wamama wakalia. Élie naye akalia, msaliti! Pasta akasema Uvira wataenda wao. Nimeumia. Niliitaka safari ile kuliko chakula.

Jumanne, 16 Julai
Chérie amekuja nyumbani. Kwaya yake imepungukiwa sauti nzito za wanaume. Nikitaka, nafasi ya Uvira ipo, ila kwa sharti moja: "Lionel, we imba polepole tu. Tafazali." Nikamjibu kwa ubaridi kwamba nitafikiri.

Nimefikiri. Nitaenda. Katika wimbo wao wa pili, kabla ya kiitikio, kuna kimya kirefu cha kuvuta pumzi, na hakuna anayekitumia.