Jinsi Mejumaa Alivyoiteka Ngome

Kwa mamlaka niliyopewa mwaka 1971, na ambayo hadi leo hakuna aliyeniandikia kuwa yamefutwa, natangaza rasmi kwamba Ngome ya Mombasa ilitekwa mwaka 1996, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Aliyeiteka alikuwa msichana wa kidato cha nne. Alikuwa amevaa sare ya shule na hakutumia mzinga. Vitabu vya historia havilitaji tukio hili. Siwalaumu walioviandika, maana wao walikuwa na kalamu tu. Sisi tulikuwa na muhuri.

Mimi nilikuwa Karani wa Mihemko, Daraja la Pili, katika Ofisi ya Uratibu wa Mihemko ya Watazamaji, Kanda ya Pwani. Wapo watu pale Kibokoni wanaodai ofisi hiyo haikuwako. Ilikuwako. Ilikuwa ghorofa ya pili, mlango wa kijani, na ngazi zake zilikuwa zimefungwa kwa ukarabati, ndiyo maana hawakuiona.

Kazi yetu ilikuwa nyeti. Serikali ilikuwa imegundua kwamba wananchi wanatazama filamu ovyo. Mtu analia pa kusimama wima, mwingine anatafuna njugu pa kuinamisha kichwa. Kwa filamu za mapenzi na za ngumi, hilo lilivumilika. Lakini filamu ya jambo lililotokea kweli ni mali ya taifa, na jambo lililotokea kweli haliwezi kuachiwa kila mtu alihisi apendavyo. Kwa hiyo ikatungwa Fomu MH/7, ambayo kila mtazamaji aliijaza baada ya kutazama. Mihemko iliyoidhinishwa ilikuwa mitatu: huzuni, uzalendo, na huzuni yenye uzalendo. Kicheko hakikuidhinishwa kwa matukio yote yaliyotokea kabla ya mwaka 1963.

Mwaka huo wa 1996 ilikuwa imetimia miaka mia tatu tangu Waarabu wa Omani walipoanza kuizingira Ngome, Wareno wakiwa ndani. Mzingiro huo ulidumu miezi thelathini na tatu, na waliokuwa ndani wengi walikwisha kwa njaa na maradhi. Makao Makuu, Nairobi, yakaagiza itengenezwe filamu ya kumbukumbu. Ofisi yetu ikaitengeneza kwa wiki tatu, siku za Ijumaa hatukufanya kazi.

Sehemu ya nahodha wa Kireno anayekufa kwa njaa alijipa mwenyewe mkubwa wetu, Mratibu Bwana Nicanor. Alikuwa mtu wa bara, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula na tumbo ambalo halikunyooka hata kidogo. Ili awe Mreno alipakwa unga wa ngano usoni. Jua la Mombasa mnalijua. Kufikia onyesho la tatu, nahodha alikuwa tayari kwa kusukumwa na kutiwa kwenye chuma cha chapati.

Bwana Nicanor alikuwa na miezi minne tu hapa kisiwani, lakini alikuwa amekwisha kuandika barua mbili kutaka kibao cha barabara ya Ndia Kuu kisahihishwe, kwa kuwa kina kosa la tahajia. Mimi, niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka kibao hicho, nilizipiga chapa barua zote mbili. Kanuni namba sita ya ofisi ilisema: karani hafafanui jambo ila akiombwa kwa maandishi.

Jumanne hiyo filamu ikaonyeshwa katika ukumbi wa shule moja ya wasichana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Saa nne na dakika ishirini nahodha alitokea juu ya ukuta wa Ngome, akashika tumbo kwa mikono miwili, maana mmoja haukutosha, akalia, "Ee Ureno, sijala tangu mwaka jana." Hapo donge la unga likamdondoka kidevuni.

Fomu zilipokuja ofisini, Bwana Nicanor alizisoma moja moja. Kwenye ya Mejumaa, yule msichana wa kidato cha nne, alisimama. Sehemu ya kwanza ilikuwa imepigwa chapa na sisi wenyewe: *Tukio: NGOME*. Chini yake paliandikwa: *Mhemko uliotokea (jibu kwa lugha ya nyumbani kwenu, bila kujipamba)*. Na Mejumaa, mtoto mtiifu, alikuwa amejibu kwa lugha ya nyumbani kwao: *Niliteka. Niliteka hata nikashika mbavu. Na wenzangu wakateka.*

Sasa, sisi wa Mvita njia twaiita ndia, njaa ndaa, nje nde, macho twayaita mato, na mtu akifurahishwa na jambo hacheki, huteka. Mtoto alikuwa amesema amecheka mpaka mbavu zikamuuma. Lakini Bwana Nicanor hakuniomba ufafanuzi kwa maandishi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Karani," aliniambia, "Ngome imetekwa."

"Ndivyo ilivyoandikwa, bwana," nikasema.

"Na mbavu hizi ni zipi?"

"Sijui, bwana."

"Ni kuta za ubavuni. Wameshika kuta za ubavuni." Akainuka, akafunga dirisha linalotazama Ngomeni.

Siku ya pili Mejumaa aliitwa. Alikuja na nyanyake, Bi Mwanaesha, ambaye alipanda zile ngazi zilizofungwa akishika ukuta na kusalimia kila kidato. Mejumaa alikuwa na shaka moja tu, nayo ilikuwa kubwa. Orodha ya watakaofanya mtihani wa kidato cha nne ilikuwa itiwe muhuri na ofisi yetu, na bahasha ipande basi la saa sita mchana, Ijumaa, pale Mwembe Tayari. Jina lisilokuwamo lingengoja mwaka mzima. Mwenye fomu yenye dosari hakutiwa orodhani.

"Unakubali kwamba uliteka?" akaanza Bwana Nicanor.

Mejumaa aliinamisha kichwa. "Naam, bwana. Niwie radhi. Niliteka."

"Peke yako?"

"Mwanzo nalikuwa peke yangu. Kisha darasa zima likateka."

"Mwalimu wenu alikuwa wapi?"

"Alikuweko. Naye aliteka, lakini yeye alijificha kwa leso."

Nikaandika: *mwalimu alijificha*.

"Mlitumia silaha gani?"

Mejumaa akamtazama nyanyake. "Vinywa tu, bwana."

"Ilichukua muda gani?"

"Dakika tano. Labda sita."

Bwana Nicanor aliegemea kiti. Waomani walichukua miezi thelathini na tatu. Nilimwona akipiga hesabu na kuona kwamba ofisi yake imepata jambo ambalo halijapata kutokea.

Bi Mwanaesha alikuwa amemkodolea macho muda wote, na sasa akamtambua. "Lo, kumbe ni wewe yule mwenye unga ambaye mjukuu wangu kanihadithia. Bwana mkubwa, mtoto kateka, basi kuteka ni kosa? Hata mimi hapa najizuia nisiteke."

"Bibi huyu naye aandikwe," akasema Bwana Nicanor. "Ana nia."

Simu ya maandishi ikapelekwa Makao Makuu: NGOME IMETEKWA NA MWANAFUNZI STOP AMEKIRI STOP TUNANGOJA MAAGIZO. Makao Makuu yalikuwa na desturi ya kujibu kila kitu kwa sentensi moja, na jibu likaja alasiri hiyo hiyo: FUATENI UTARATIBU WA MAKABIDHIANO.

Utaratibu wa makabidhiano ulikuwepo, msiudharau. Ulitungwa kwa ajili ya maghala na nyumba za serikali, lakini haukusema Ngome haimo. Kifungu cha kwanza: hakuna anayeweza kukabidhi kitu asichotambuliwa kuwa nacho. Kwa hiyo Bwana Nicanor alimwandikia Mejumaa hati, yenye muhuri wa duara, kumtambua kuwa *Mshikaji wa Ngome kwa Sasa*, na kumwagiza aikabidhi siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi, kwa Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi Mkuu, aliyekuwa anakuja kutoka Nairobi kuizindua filamu humo humo Ngomeni. Nakala akapewa mlinzi tuliyemweka langoni, Kadenge, pamoja na maneno haya: *Mpaka makabidhiano yakamilike, asiingie wala asitoke mtu bila ruhusa ya Mshikaji.*

Nilimpelekea Mejumaa hati yake mwenyewe, barazani kwao. Aliisoma mara mbili.

"Ami," akaniuliza, "yule bwana adhani nimeiteka Ngome kama walivyoiteka Waarabu?"

"Mwanangu, kanuni namba sita."

Akaikunja hati taratibu. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake ikipanda. "Haya, ami. Nifafanulie kwa maandishi jambo moya tu: hati hii ni ya kweli?"

Akaniandikia swali kwenye ukurasa wa daftari. Nikalijibu kwa maandishi, kama kanuni inavyotaka: *Ni ya kweli kabisa.*

Ijumaa saa tano Mheshimiwa alifika na gari lenye bendera, suti ya sufu, na watu sita wa kumfungulia mlango. Kadenge alikuwa amesimama katikati ya lango na nakala yake mkononi.

"Karibu mzee, lakini huingii," akamwambia.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ni wewe wa kukabidhiwa. Imeandikwa hapa. Ila mwenyewe hajafika."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye Ngome. Yuko darasani, ana kipindi cha hesabu."

Bwana Nicanor aliingilia kati, akamkumbusha Kadenge kwamba barua ile ameitia saini yeye. Kadenge akasema ndiyo maana anaiheshimu. Basi Mheshimiwa akasimama juani. Muuza madafu akapita mara tatu, na kila mara akamtazama kwa huruma zaidi.

Saa tano na nusu Mejumaa alikuja na nyanyake, taratibu. Akaamkia kila mtu, akatoa karatasi aliyoiandika kwa hati nzuri: *Mimi, Mshikaji wa Ngome kwa Sasa, naikabidhi Ngome nzima pamoja na mizinga yake mara tu jina langu na majina ya wenzangu yatakapotiwa orodhani, na bahasha kupanda basi.*

"Karani, hii si kunilazimisha?" akauliza Bwana Nicanor.

"Ni utaratibu," nikamwambia. Aliniuliza, tena mbele ya mashahidi, na kwa dharura nikalihesabu swali hilo kama la maandishi.

Mheshimiwa alipangusa shingo. "Nicanor, tia hayo majina. Nakufa."

Muhuri alikuwa nao mfukoni, hakuwa akiuacha. Majina arobaini na mawili yakaandikwa juu ya boneti ya gari lenye bendera. Na kwa kuwa dereva alikuwa amekwenda kuswali, Bwana Nicanor mwenyewe akatimua mbio na bahasha kuelekea Mwembe Tayari. Walioketi barazani njiani wanasema tumbo lilitangulia kufika.

Mejumaa akatia saini makabidhiano, Kadenge akasogea kando, na Mheshimiwa akaingia kwenye kivuli akiwa mtu mwenye furaha. Chumbani, nyuma ya mapazia meusi, filamu ikaanza. Alikaa wima, mikono magotini, mhemko ulioidhinishwa usoni. Kisha nahodha akatokea ukutani, akashika tumbo, akalia kwamba hajala tangu mwaka jana, na donge la unga likadondoka.

Mheshimiwa alijikaza. Niliona mabega yake yakijikaza. Halafu kikamtoka, kicheko cha mtu mzima aliyekaa ofisini miaka ishirini, akajipiga gotini, akatoa leso, akaomba donge lirudiwe. Tukalirudia mara nne.

Kazi ni kazi. Nilimpelekea Fomu MH/7. Ilimtaka ajibu kwa lugha ya nyumbani, na Mheshimiwa, ambaye kwao ni mbali, alitaka kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa watu, popote alipo ni nyumbani.

"Binti," akamwita Mejumaa, akipangusa machozi, "ninyi wa hapa, mtu akicheka mwasemaje?"

Mejumaa alinitazama. Nikatazama dari, ambayo ni ya zamani sana.

"Twasema ameteka, Mheshimiwa," akajibu, na Mungu ni shahidi, hakumdanganya.

Akaandika kwa wino: *Tukio: NGOME. Mhemko uliotokea: Niliteka. Niliteka sana.* Akatia saini na cheo.

Bwana Nicanor aliporudi kutoka Mwembe Tayari, shati limegandana na mgongo, bahasha imekwisha kupanda basi, nilimkabidhi fomu kwa mikono miwili. Aliisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa haki, sitamvunjia heshima: hakuona kwamba sheria ya mtoto wa Kibokoni ni nyingine na ya mkubwa ni nyingine. Akamwandikia hati ya *Mshikaji wa Ngome kwa Sasa*, nakala kwa mlinzi.

Mheshimiwa alipofika langoni, Kadenge alikuwa katikati.

"Mzee, hutoki mpaka ukabidhi."

"Basi nakabidhi! Nimkabidhi nani?"

Tukafungua utaratibu. Mkubwa hukabidhi kwa aliye mkubwa kuliko yeye. Aliye mkubwa kuliko yeye alikuwa Nairobi, na Ijumaa mchana Nairobi ilikuwa imekwisha kufunga mpaka Jumatatu.

Wikiendi ile Kibokoni nzima ilipita Ngomeni kutembea. Waliozoea kwenda kupunga upepo wa bahari pale Mama Ngina na kununua mihogo walibadili njia. Bi Mwanaesha alipeleka mahamri na mbaazi kila asubuhi, akamwachia Kadenge langoni na kusema, "Mpe, asije akalia ndaa. Unga umepanda bei."

Jumatatu, nikienda kazini kungoja jibu la Makao Makuu, ambalo lilikuja na kusema FUATENI UTARATIBU, nilimkuta Mejumaa anapita chini ya ukuta na mkoba wake wa vitabu. Mheshimiwa alikuwa juu, pale pale aliposimama nahodha, suti imekunjamana, tumbo mkononi.

"Binti," akaita kutoka juu, "hebu niambie kweli. Hili neno kuteka, maana yake ni nini?"

Mejumaa alisimama, akafikiri kama mtu aliye kwenye mtihani.

"Inategemea, Mheshimiwa," akasema, "nani yumo ndani, na nani yuko nde."

Kisha akateka, akenda zake shule.