Namba za Saa Moja Asubuhi

Jumatatu, 6 Mei

Msimu wa vimbunga umefungwa. Dada wa duka la dawa, mwenyekiti wetu wa Walinzi wa Mawingu, chama cha wapima hali ya hewa wa mtaa, ametuandikia kwenye kundi la simu: ahsanteni wote, tumemaliza salama, Jumapili tutamchagua mtunza rejista mpya. Mtunza rejista! Daftari kubwa la jalada gumu, ufunguo wa kabati, na kusoma vipimo redioni kila Ijumaa. Miaka sita naisubiri nafasi hii.

Kikwazo ni kimoja tu: Mwalimu. Amestaafu kufundisha jiografia, ila jiografia haijamstaafu. Ana barometa ya shaba ukutani, ya kupima mgandamizo wa hewa (namba ikishuka, dhoruba inakuja), na kabla ya kuisoma huigonga mara mbili kwa ukucha, watu wakanyamaza wote kama wako kwa daktari. Mimi pia ninayo. Mwezi wa tatu niliifungua niisafishe. Kwa fundi saa kama mimi, kazi ya dakika kumi. Nilipoifunga vikabaki vipande viwili mezani. Tangu siku hiyo mshale umeganda kwenye 1010, mvua inyeshe, jua liwake. Mganga hajigangi.

Si neno. Mwalimu hutuma kipimo chake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi hutuma changu saa moja kamili, na ni kilekile chake. Tumesifiwa sana kwa kulingana.

Mchana shemeji yangu, fundi wa mapaa, aliuliza kama sasa anaweza kubandua mabati ya chumba cha mama mkwe. Nikamwambia abandue tu, hata wingu halitapita. Kufikia alasiri mabati yote yalikuwa chini. Mama mkwe amefungiwa turubai la buluu juu ya kitanda. Anasema linampendeza.

Jumanne, 7 Mei

Redio: kuna mgandamizo mdogo wa hewa, mbali sana baharini. Huenda ukakua, huenda ukafa. Ofisi ya hali ya hewa inaufuatilia.

Nikaona mlango umefunguka! Atakayekigundua kimbunga cha baada ya msimu, nani atamnyima rejista? Mwalimu alikuwa ametuma 1011, kama jana, kama juzi. Saa moja kamili nikatuma 1007. Nikaongeza: "Kinashuka. Tuwe macho."

Kundi likawaka moto. Mwenyekiti ameuliza mara tatu kama nina hakika. Nimejibu kwamba chombo hakidanganyi. Mwalimu kimya kutwa. Nimekula chakula cha jioni kwa raha ambayo sijaipata siku nyingi.

Jumatano, 8 Mei

Saa kumi na mbili na nusu Mwalimu ametuma 1007.

Nimeisoma mara nne. Ile ile niliyoitunga jana nikipiga mswaki. Nikajiambia ni bahati tu. Saa moja nikatuma 1003, nione.

Hakuna upepo hata kidogo. Shuka za mke wangu zimesimama kwenye kamba wima, utadhani zimepigwa pasi zikiwa juu. Kunguru wa nguzo ya umeme hawapo. Sijui wamekwenda lini.

Mtaa mzima sasa unazungumza kimbunga. Nilimkuta mama mkwe kaketi kitandani chini ya turubai, kashika mkoba wa nguo mapajani. Usiku hakulala kwa hofu. Roho ikaniuma kwelikweli, kwa maana mama huyu ameniheshimu hata pale mwanawe mwenyewe aliposhindwa. Nikafunga mlango, nikamwambia ukweli wote: barometa imekufa, namba ni za kutunga, nataka rejista tu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akarudisha nguo sandukuni.

Baadaye mke wangu alimtaka ahamie sebuleni kwetu kwa usalama. Mama mkwe akakataa. Alisema muulize mumeo kama kuna haja. Nikajitia kutafuta kalamu.

Alhamisi, 9 Mei

Mwalimu ametuma 1003.

Nikitunga leo, barometa yake inasoma kesho! Nilikaa dukani nikiwaza hivi na saa zote ukutani zikipiga kila moja kwa mwendo wake. Sikuweza kushika bisibisi. Nilitaka kutuma 1009, niirudishe juu, tumalize mchezo. Lakini mwenyekiti ataniuliza imepandaje ghafla, na Jumapili zimebaki siku tatu tu. Nikatuma 996. Sijawahi kuandika namba ndogo hivyo maishani mwangu.

Mwanga wa leo si mzuri. Ni wa manjano, na unatoka pande zote, hata vivuli havina pa kulala. Mfereji wa nyuma ya nyumba unatoa sauti. Unavuta pumzi, unatulia, unaitoa. Mke wangu ameufunika kwa ubao na kuweka jiwe juu yake. Ubao unainuka kidogo.

Nilikwenda kumsaka shemeji kazini kwake, nikamsihi ayarudishe mabati leo leo. Alikuwa juu ya paa la watu, misumari mdomoni. Aliitoa taratibu mmoja mmoja kabla ya kunijibu.

"Jumatatu uliniambia hata wingu halitapita. Leo unaniambia kimbunga. Nimsikilize shemeji yupi, wa Jumatatu au wa Alhamisi?"

Akarudisha misumari mdomoni.

Redio ya jioni: mgandamizo umekua na umegeuka. Unakuja kwetu. Kesho baada ya adhuhuri.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika kwa mwanga wa mshumaa, naomba nisamehewe mwandiko.

Saa kumi na mbili na nusu simu haikulia. Badala yake Mwalimu mwenyewe alisimama mlangoni mwa duka, kofia mkononi. Hajawahi kuja kwangu. Aliomba kuiona barometa yangu. Nilimwambia iko kwenye matengenezo. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema anataka kutua mzigo. Sahani ya ndani ya barometa yake, ile inayobonyea kwa uzito wa hewa, ilitoboka mwaka jana. Kila asubuhi huigonga mara mbili kwa heshima, halafu hutuma kipimo nilichotuma mimi siku iliyotangulia, kwa sababu ananiamini mimi, fundi wa vitu vidogo.

Ilinichukua muda. Yeye alinakili namba zangu za jana. Mimi nilinakili zake za leo. Ndiyo maana miezi miwili hewa ya mji huu haikusogea hata kidogo, na mwenyekiti akaifunga rejista kwa wino mwekundu akaandika "tulivu sana."

Nikamweleza ya kwangu. Hakunikasirikia. Aliuliza swali moja tu, polepole, kama mwalimu asiyetaka kumwaibisha mwanafunzi.

"Basi hii inayokuja, ni nani ameipima?"

Nje palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia saa ya mteja mfukoni mwangu. Kisha pazia la duka likanyanyuka lenyewe, likaenda nje, likabaki huko.

Nikakimbia nyumbani. Nikamwambia mama mkwe atoke, mara hii ni kweli, nimeapa kwa watoto wangu. Alikuwa anashona kifungo.

"Juzi ulifunga mlango ukaniambia umetunga," akasema. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Wewe umefika, mimi niache nishone."

Nikamsihi. Mke wangu akamsihi, kisha akanigeukia aulize ametunga nani, ametunga nini. Nikajikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe pale pale, mbele ya wote wawili. Mke wangu akaenda kufunga madirisha. Afadhali angenitukana. Mama mkwe akaendelea na kifungo chake.

Saa sita na nusu akatoka mwenyewe, godoro begani. Akalitupa sebuleni, akaketi juu yake. Nikamuuliza kimembadilisha nini. Akasema turubai linapanda na kushuka na hakuna upepo. Chumba kinapumua, naye hakai ndani ya kitu kinachopumua.

Haikupita robo saa. Turubai liliondoka kwa mlio mmoja. Ukuta wa juu ukafuata, ukalala kitandani, pale pale alipokuwa ameketi na sindano yake. Baada ya hapo sikusikia tena kitu kwa saa tatu ila upepo. Nilimshika mkono mama mkwe. Naona ni yeye aliyenishika.

Jumamosi, 11 Mei

Jua kali. Mtaa umejaa matawi na mabati ya watu. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Shemeji amekuja bila kuitwa, anachambua matofali juu ya kitanda. Hanitazami, nami simtazami.

Ofisi ya hali ya hewa imesoma redioni kipimo cha chini kabisa cha jana, kilele cha kimbunga. 996.

Nilizima redio. Nikaiwasha tena, wakairudia.

Alasiri mama mkwe aliomba kuiona barometa. Nikamletea. Akaigonga kwa kidole. 1010. Akaigonga tena. Akanirudishia kwa mikono miwili, jinsi unavyorudisha chombo cha jirani usiyemfahamu vizuri.

Jumapili, 12 Mei

Nimeshinda!

Nilikwenda mkutanoni nimekusudia kukiri. Mungu ni shahidi. Lakini Mwalimu aliwahi kusimama, akasema anajitoa na ananipendekeza mimi, macho yake yakiwa sakafuni. Mwenyekiti akasoma namba zangu kwa sauti, 1007, 1003, 996. Watu hawakupiga makofi mara moja. Walinitazama kwanza. Mwanamke wa mstari wa mbele alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Nikafungua mdomo nikiri, na mdomo ukasema ahsanteni kwa imani yenu.

Mke wangu ameniomba jambo moja: ninunue barometa nzima, inayopima. Nimemuahidi. Nitanunua mwezi ujao, au ule mwingine.

Kwa sasa rejista ni safi mno na kazi dukani ni nyingi. Nimekaa mezani nikajaza wiki nzima ijayo mapema, kuokoa muda. Jumatatu 1011. Jumanne 1010. Jumatano 1010. Alhamisi imetokea 989. Sijui imetoka wapi. Nilitaka kuifuta, lakini ufutio unachubua karatasi, na daftari ni la chama.

Mama mkwe alipita nyuma yangu na chai, akasoma begani kwangu. Akaweka kikombe chini, akaanza kukunja nguo zake. Anakwenda kwa dada yake kule milimani, basi la Jumatano. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mama, hizi zote nimezitunga.

Amesema anajua, ndiyo maana anaondoka.