Malalamiko ya Kunyang'anywa Samaki Msibani

Nyasho, Musoma

Kwako dada Rebeka, Mwenyekiti wetu wa Kikundi cha Misiba,

Pokea salamu za heshima. Najua jana tulionana bombani, ila malalamiko yanatakiwaga yaandikwe, ndo maana sikusema kitu, na unajua kunyamaza kunavoniumiza.

Utakumbuka nilimpeleka Gloria, mtoto wa mdogo wangu, kwa daktari kule Bunda. Daktari akauliza, huyu anazibaga masikio kwenye kelele? Nikajibu, hata mimi. Anataka chakula kilekile kila siku? Hata mimi. Akaacha kumwangalia mtoto. Kumbe wote wawili tuna usonji, na mimi mpaka nimepata wajukuu najijua ni mkorofi tu! Nikaogopa mtu asije akanitangulia kuitangaza, nikaitangaza mwenyewe ndani ya gari. Kufika Nyasho, hata wauza dagaa wananipa pole.

Tangu hapo kikundi kimenionea hivi:

1. Kwenye ule msiba wa kule Nyakato mmeninyang'anya samaki. Miaka yote msibani mimi nilikuwaga nyuma ya nyumba, naparua sato peke yangu na kisu changu, vilio navisikia kwa mbali, nimetulia. Safari hii mkasema dada pumzika, mkanikalisha mbele na wageni, kiti cha heshima. Kiti chenyewe kiko mdomoni mwa spika! Kwaya sikio hili, kina mama wanalia sikio lile. Nimekimbia mpaka barabarani nimeziba masikio, watu wakasema maskini Nyamburi, alimpenda sana marehemu. Marehemu mwenyewe nilikuwa simjui.

2. Nilimwambia Marieta wa kikundini kwetu wigi lake kama kiota cha kunguru. Zamani angenijibu mpaka nikajifungie ndani. Sasa kasema asante dada, Mungu akubariki. Nimelala vibaya.

3. Mnaongea na mimi polepole, na ile sauti ya kuita kuku. Rebeka, nilikosa shule, sikukosa masikio.

4. Hili ndo kubwa. Mmeninyima umbea. Binti yetu Prudence kachumbiwa na mtu wa kule Nyasura, mimi naambiwa na muuza mkaa! Nikija mnanyamaza, eti nisije nikachanganyikiwa. Mimi! Niliyejua Mwikwabe anaoa kabla Mwikwabe hajajua!

Kwa hiyo naomba kikao kipitishe nirudishiwe samaki, nigombezwe kama zamani, niambiwe kila kitu hata cha uongo. Nichukuliwe kama mtu yeyote, nisipendelewe hata kidogo.

Mkikataa najitoa, nafungua kikundi changu cha watu wazima wenye usonji. Nimeshaulizia kote, nimempata mmoja, Isaya, mfuga nyuki wa Butiama. Kwenye simu tumeelewana sana, nilivomwambia habari ya spika akacheka mpaka akakohoa, hakuna aliyewahi kunielewa hivo. Ila vikao hapendi, na kasema siku nyingine nikipiga niongee kidogo. Sasa mwenyekiti mimi, wajumbe mimi. Kikao cha mtu mmoja nitamsema nani, dada? Nawahitaji. Ndo maana nalalamika.

Nisalimie mzee wako, Marieta na wanae, Prudence na huyo mchumba ambaye sijui hata sura, na wote wa bombani, hata wale ambao hatusalimiani.

Ni mimi ninayelalamika kwa upendo,
Nyamburi, mama Samwel

Nyongeza: Jumamosi tukienda harusini kwa Prudence kule Nyasura, siti ya dirishani ni yangu. Asikae na mimi mtu mwenye marashi, na mziki usifunguliwe mpaka nishuke. Kwenye kukumbatiana waambie wanipe mkono tu. Na ukiona nimeanza kukunjakunja kanga, nitoe nje, usiniulize kitu, kaa tu na mimi mpaka niongee. Umenifanyiaga hivo tangu tukiwa wasichana, mimi nikajua unatafuta mtu wa kukusindikiza chooni.