Klase ya Kumvusha Pardon

Habari ilifika Bungeni ndani ya simu ya Gramme, na kama kawaida ya habari za Gramme, ilifika ikiwa imevimba.

Bunge, kwa asiyelijua, ni mabenchi mawili na kiti kimoja cha plastiki mbele ya duka la François, hapa Kasongo, ubavuni mwa meza ya kahawa ya Mama Aziza. Sheria haijawahi kupita pale, ila mawaziri wameshafukuzwa wengi. Gramme mwenyewe anaitwa Mahamudu. Alinunua na kuuza dhahabu Salamabila mpaka dhahabu ikamchoka, akarudi na jina tu.

"Mumesikia ya Kindu?" alisema kabla hajakaa. "Kuna mutu ametupa televizyo yake mu mto Lualaba. Televizyo muzima. Sababu ya mchezo."

"Mupira?" Mama Aziza aliuliza bila kuacha kumimina kahawa.

"Hapana. Ule mchezo mupya wa mu televizyo, wa ngome na mapanga. Kuna mlinzi moja anasimama ku daraja, hapitishi mutu. Ule wa Kindu alipigwa naye mpaka muke akahama nyumba. Wanasema mwenye kuanza akichagua vibaya klase yake, haendi popote."

"Klase? Wanacheza mu shule?"

Hapo Diksionere, yaani Kamusi, akasafisha koo. Huyu ni Mwalimu Marcellin, na kahawa haimshuki kabla hajamsahihisha mtu. "Klase, Mama Aziza, ni aina ya mutu unayekuwa mule mu mchezo. Kabla ya kuingia, unachagua. Kila aina iko na silaha yake na udhaifu wake."

"Kumbe mule ndani watu wanachagua," Mama Aziza alisema. "Huku kwetu tunazaliwa tu, tunapewa."

François alicheka kutoka kwenye kiti cha plastiki. Kiti kile kina mikono, kwa hiyo wanamwita Prezida. "Ule mchezo iko humu dukani. Umefika toka Bukavu na mizigo yangu. Na mutu wa kuuanza ninaye." Akageuza shingo polepole mpaka mwisho wa benchi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Gédéon, anaiangalia pikipiki yake kama mtu anayetaka kuipanda na kuondoka. Alijua kinachokuja.

Gédéon ni motari. Njia yake ni Kasongo na Kabambare, na abiria wakitaka, mpaka Salamabila. Njia hiyo ina kamba. Kila baada ya matope kuna mtu mwenye kofia aliyefunga kamba toka mti huu mpaka mti ule, na ukifika unapunguza mwendo, unazima mashine, unashuka, unavua kofia, unainamisha kichwa, unasema, "Pardon, shefu." Motari asiyejua adabu hiyo siku hizi anatembea kwa miguu. Gédéon aliijua kuliko wote. Siku moja, amempakia Gramme, alikuta kamba imekatiza njia. Akazima, akashuka, akavua kofia, akainama, akasema pardon, akangoja. Akasema tena. Ilikuwa kamba ya mama fulani aliyeanika nguo, akaanua nguo, akaiacha. Mtu hakuwepo, hata kuku hakuwepo, na Gédéon ameinama anangoja ruhusa.

Gramme alianza kuisimulia hadithi hiyo kabla pikipiki haijasimama mjini. Tangu hapo Gédéon ni Pardon. Watoto wanamwita Pardon, wauza mafuta wanamwita Pardon, hata katekista alijisahau siku moja akamwita hivyo mbele ya kanisa.

Angevumilia. Lakini Jumapili wazee wake wanakwenda Lusangi na mbuzi, kumposa Laura, mdogo wake François. Na kwa akina Laura, kaka wa binti ndiye anayesimama kumtaja mposaji mbele ya wazee: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, na mjini anajulikana kwa jina fulani. Laura alikuwa ameshamwambia waziwazi: "Mimi nimependa Gédéon. Sitaki kuitwa Madame Pardon. Malizana na lile jina mbele ya Jumapili."

"Shemeji," François alisema, "leo nakupa nafasi. Uvuke lile daraja mbele ya Bunge. Ukivuka, Pardon amekufa, na mutu akimutaja hapa hanywi kahawa. Usipovuka, Jumapili nitakutaja vile mji unakutaja. Lakini cheza haraka, betri ya pano ya jua inachoka."

"Yaya François, kaka yangu mukubwa, mimi sijawahi kushika ile kitu."

"Njo maana tunachagua klase ya mwenye kuanza. Bunge iko hapa. Tusaidie mutoto."

Wakamsaidia. Mungu atuepushe na msaada kama ule. Televizyo ya dukani iligeuzwa ikaangalia mabenchi, watu wa mchezo wakajipanga kwenye kioo, na kila mbunge akawa ameshashinda vita vitatu kwa mdomo.

"Askari wa chuma," Gramme alisema. "Angalia, amevaa chuma toka kichwa mpaka vidole. Hata akisinzia, panga inagonga chuma."

"Na akianguka mu maji?" Mama Aziza aliuliza. "Hiyo ni daraja. Chini ya daraja kuna maji. Chuma inaelea?"

"Mama, ni mchezo."

"Ule wa Kindu alisema vilevile, sasa televizyo yake iko na samaki."

Diksionere aliinua kidole. "Kwa mwenye kuanza, nashauri huyu wa miujiza. Anatupa moto toka mbali. Hamukaribii adui. Anatumia akili."

"Mwalimu, sema mulozi, usituzungushe," Mama Aziza alisema. "Wazee wa Lusangi waulize kijana alichagua nini, waambiwe alichagua ulozi? Mbuzi zenyewe zitakataa kwenda."

"Tena kutupa toka mbali," Gramme alidakia. "Wewe Diksionere unatupa maneno toka mbali tangu tunakujua. Nani alianguka?"

Mwalimu akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Achague padiri," Mama Aziza alisema. "Mimi ni muislamu, lakini haki niiseme. Soma pale, Mwalimu, si wameandika anajiponyesha? Akikatwa, anaomba, kidonda inafunga. Mwenye kuanza atakatwa sana."

"Kama ni kuponyesha, wangeweka pasteri," Gramme alisema. "Pasteri anakuponyesha, na wewe unarudi nyumbani kwa miguu, yeye kwa gari."

Gédéon alikohoa. "Na huyu mwembamba? Naona anakimbia. Mimi ni mutu wa mbio."

Diksionere aliinama kwenye kioo. "Huyu ni mwizi."

"Mbele yangu, shemeji?" François alisema. "Unaomba dada yangu, unachagua mwizi?"

"Tena haiko klase ya kuanzia," Mwalimu alisema. "Imeandikwa hapa: ngumu, ni ya wenye uzoefu."

"Hiyo hata bila kuandika tunajua," Gramme alisema. "Mwizi mwenye kuanza tunamukamata ku soko na kuku mu mukono. Mwenye uzoefu anakuja na msafara, watoto wa shule wanapangwa barabarani wanamuimbia."

Akabaki mmoja, pembeni kabisa: mtu mwenye kitambaa kiunoni na kijiti mkononi, mbavu zote nje.

"Mwombaji," Diksionere alisoma. "Hana nguo, hana ngao, hana kitu. Wameandika: hatumushauri mutu yeyote."

"Jamani," Mama Aziza alisema, "huyo hatumuchagui. Huyo njo sisi."

Benchi lilicheka mpaka likalia misumari. Wakampigia kura askari wa chuma, wakampa Gédéon maneti, kile kidude cha vifungo, mkononi, wakamwonyesha: kifungo hiki kutembea, hiki kupiga, hiki kuinama kusalimu. Hicho cha mwisho Diksionere alimwonyesha kwa kutaka ukamilifu tu, kwa sababu mwalimu hawezi kuacha somo nusu. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

Askari wa chuma alitembea vizuri. Akafika darajani. Mlinzi alikuwa amesimama, mrefu kuliko lango, kofia kichwani, na mbele yake mnyororo umekatiza njia toka nguzo hii mpaka nguzo ile.

Gédéon aliona kofia. Aliona mnyororo. Vidole vyake havikumuuliza. Askari wa chuma akapunguza mwendo, akasimama, akarudisha panga alani, akainama mpaka chini. Mlinzi akamkata kichwa akiwa palepale.

"Umesimama kwa nini?" Gramme aliuliza.

"Kuna kamba."

"Ni mnyororo, na iko mu televizyo."

"Kuna shefu pale."

François alijifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Wakampa mulozi. Diksionere alimsimamia begani: moto, Gédéon, toka mbali, moto. Gédéon aliapa atatupa moto. Kidole kilikuwa juu ya kifungo. Lakini mlinzi aliinua kiganja, na kwenye njia ya Kabambare mtu akiinua kiganja hujiulizi, unasimama. Mulozi akasimama, akainama, akafa na moto wake wote mfukoni.

Padiri alijiponyesha kwanza, kwa ushauri wa Mama Aziza, halafu akasogea, akainama. "Huyu amekufa akiwa na afya nzuri," Gramme alisema.

"Ndugu yangu," Mama Aziza alimwambia Gédéon, na safari hii sauti yake ilikuwa na huruma kidogo, "mbona huyu hata hajakuuliza karata ya kitambulisho? Unamusalimia nini?"

Gédéon aliifuta maneti kwa shati. Masikio yalikuwa yanamwaka. Alikuwa anamwona François amesimama Lusangi, wazee wamenyamaza wanasikiliza, Laura yuko nyuma ya mlango, na lile jina linatoka. Alijichukia. Aliichukia ile njia yote na kila mtu mwenye kofia juu yake, waliomfundisha adabu mpaka ikamwingia kwenye mifupa ya vidole. Taa ya betri ikawa nyekundu.

"Bado mara moja, shemeji," François alisema. "Gramme anataka askari tena."

"Hapana," Gédéon alisema. "Leta mwombaji."

"Huyo amekatazwa kwa kila mutu," Diksionere alisema.

"Nyote mumenishauri, nimekufa na shauri zenu. Nimechoka. Kama ni kufa, nife na huyu, hana nguo ya kuharibu."

Mwombaji alikwenda anachechemea. Benchi halikuangalia hata. Gramme alikuwa ameshaanza kuijaribu hadithi mpya mdomoni, namna atakavyoisimulia kesho. Mwombaji akafika kwenye mnyororo, akasimama, akaweka kijiti chini, akainama. Gédéon hakupigana na vidole vyake tena. Aliviacha vifanye kazi yao.

Panga la mlinzi lilipanda, likabaki juu. Maandishi yakatokea chini ya kioo.

"Mwalimu, wamesema nini?" Mama Aziza aliuliza.

Diksionere alivaa miwani, akasoma polepole. "Umekuja bila kitu, na umenisalimia. Pita."

Mlinzi akafungua mnyororo. Mwombaji akaokota kijiti chake, akavuka daraja anachechemea mpaka ng'ambo.

Bunge lilinyamaza, jambo ambalo kamati yoyote ya bunge lingine haijawahi kulifanikisha. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Gramme, na alikuwa amekasirika kweli.

"Huo mchezo ni wa uongo. Mwenye kuutunga hajafika Salamabila. Mutu bila kitu anapita? Bila kitu njo unalala pale pale, wanakuuliza hicho kitu umekificha wapi."

"Mimi niliulizwa hivyo," Mama Aziza alisema. "Nikawaambia niko na chupa ya kahawa. Wakakunywa, wakaniuliza sukari."

"Amevuka," Diksionere alitoa hukumu. "Njia aliyotumia haituhusu."

Gédéon alikuwa amesimama, hajui mikono aiweke wapi, furaha imemjaa mpaka kooni. François naye aliinuka kwenye kiti chake, akanyoosha shati, sura ya mtu wa sherehe.

"Prezida haongei mara mbili. Nilisema akivuka, Pardon amekufa. Amekufa." Akangoja kidogo ili wamsikie vizuri. "Jumapili nitasimama mbele ya wazee, nitasema: huyu ni mposaji wetu, na mjini anajulikana kwa jina la Mwombaji."

Benchi lililipuka. Gramme aligonga goti mpaka kahawa ikamwagika. Hata Mwalimu alicheka, yeye ambaye hucheka kwa ruhusa.

Gédéon aliwaacha wacheke. Halafu alitembea taratibu mpaka mbele ya kile kiti cha plastiki, akasimama, akavua kofia yake, akaishika kifuani, akainama kama anavyoinama kwenye njia ya Kabambare kila siku ya Mungu.

"Bonjour, shefu," alimwambia François. "Mimi ni Mwombaji. Natoka Kasongo, naenda Lusangi kwa sababu ya Laura. Sina kitu. Mbuzi nimeziacha nyumbani, si umesema wewe mwenyewe mimi ni Mwombaji? Nimesalimu."

Kicheko kilikatika. Mama Aziza aliweka birika chini.

"Mwalimu," alisema, "tusomee tena. Mlinzi alisema nini?"

Diksionere alirudisha miwani puani, ingawa kioo kilikuwa kimeshazimika na betri, akasoma kwenye giza la kioo hicho: "Umekuja bila kitu, na umenisalimia. Pita."

Wote wakamgeukia François. Gédéon alikuwa bado ameinama. François alimwangalia, akaangalia televizyo iliyokufa, akaangalia barabara ya kwenda Lusangi ambako baba yake alikuwa ameshajenga zizi jipya la wageni hao wenye pembe. Akakaa.

"Inuka, Gédéon," alisema. "Gédéon, mutoto wa watu. Nitakutaja Gédéon. Lakini kuja na mbuzi."